Andika Dai Kabla ya Kuiona Data

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mlioketi huko nyuma, sitaanza na fasili. Fasili ya nadharia tete, lile dai tunaloliweka ili tulipime kwa data, mnayo, mmeikariri, na kwenye mtihani mnaiandika vizuri. Kinachoniuma ni kingine: mnaiandika lini?

Nikisahihisha kazi zenu naona mpangilio uleule. Nadharia tete juu, data katikati, hitimisho chini. Kwa macho kila kitu kiko mahali pake. Lakini ukisoma kwa makini unatambua kwamba sentensi ya juu ndiyo iliyoandikwa mwisho. Mwanafunzi amekwisha kukokotoa wastani, ameona kundi la kwanza limelizidi la pili, ndipo akarudi juu kuandika kwamba anatarajia kundi la kwanza lilizidi la pili. Huyo hajapima chochote. Amesimulia alichokwisha kukiona na kukiita utabiri.

Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea: kwenye chai ya Rothamsted. Nitaieleza tena, na leo nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi huikumbuka hadithi wakasahau hoja.

Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alidai kwamba akionja chai yenye maziwa anaweza kujua kilichotangulia kikombeni, maziwa au chai. Mwanatakwimu Ronald Fisher alikuwapo. Katika kitabu chake cha 1935 alilichukua dai la namna hiyo akaonyesha linavyopimwa. Vikombe vinane: vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia. Mpangilio wa kuvileta unaamuliwa kwa bahati nasibu. Mwonjaji anaambiwa kwamba viko vinne kwa vinne, na kazi yake ni kuvitambua vile vinne vya maziwa kwanza.

Sasa nisikilizeni. Chai bado haijamiminwa, na tayari tuna hesabu ya kufanya. Nadharia tete ya sifuri inasema mwonjaji anabahatisha tu, hana uwezo wowote wa kutofautisha. Ikiwa hivyo ndivyo, njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70, na kila njia ina uwezekano sawa. Njia moja tu kati ya hizo inapatia vyote. Kwa hiyo anayebahatisha atapatia vyote kwa uwezekano wa 1 kwa 70, yaani karibu 0.014. Je, akipatia vitatu na kukosea kimoja? Njia za kufanya hivyo ni 16. Jumlisha na ile moja ya kupatia vyote, unapata 17 kwa 70, karibu 0.24. Karibu robo ya wanaobahatisha wangefika hapo! Basi tunaamua sasa hivi, kabla birika halijainuliwa: akipatia vyote tutaikataa nadharia tete ya sifuri, akikosea hata kimoja, hatutaikataa.

Mnaona kilichotokea? Tumejua ni matokeo gani yatatushawishi na yapi hayatatushawishi. Tumejua hata kwa nini vikombe ni vinane. Vingekuwa sita, vitatu kwa vitatu, njia zingekuwa 20, na anayebahatisha angepatia vyote kwa uwezekano wa 0.05 kamili, ndiyo mpaka wenyewe mnaoupenda, ule mnaouita alfa: hatari ya kuikataa kimakosa nadharia tete ya sifuri mnayoikubali tangu mwanzo. Vingekuwa vinne, njia zingekuwa 6 tu, na hata angepatia vyote tusingekuwa na haki ya kusema lolote. Yote haya yametoka kwenye nadharia tete, bila tone la data.

Na hapa ndipo ninapotaka mkae. Katika kitabu kile Fisher hasemi kama yule bibi alipatia au alikosea. Baadaye watu walisimulia kwamba alipatia vyote. Kila mwaka wanafunzi huniuliza kuhusu mwisho huo, na kila mwaka najibu kwamba mmeuliza swali lisilo la somo. Somo lilikwisha kabla ya funda la kwanza.

Fikirini mtu angefanya kinyume. Anamimina, bibi anapatia vitatu, halafu yeye anakaa chini na kusema, "Vitatu kati ya vinne ni vingi, nadharia yangu ilikuwa kwamba atapatia walau vitatu." Mngekubali? Hamngekubali. Lakini ndivyo mnavyofanya mnapochagua upande mmoja wa jaribio baada ya kuiona sampuli. Chukua sarafu, irushe mara 16, ikaangukia kichwa mara 12. Ukiwa uliuliza tangu mwanzo kama sarafu imeegemea upande wowote, thamani ya p, yaani uwezekano wa sarafu isiyo na kosa kuegemea kiasi hicho au zaidi, ni karibu 0.077, na kwa alfa ya 0.05 hukatai. Ukiuona wingi wa vichwa ndipo ukaandika kwamba unashuku vichwa tu, thamani inakuwa 0.038, na ghafla una ugunduzi. Sarafu ileile, marusho yaleyale. Na ingeangukia upande wa pili mara 12, ungeshuku upande wa pili. Kwa hiyo hatari yako halisi ya kuisingizia sarafu isiyo na kosa ni ile 0.077, hata kama karatasi yako inaonyesha nusu yake.

Najua mtaniambia: mwalimu, sayansi haiendi hivyo, mara nyingi data yenyewe ndiyo inayotupa wazo. Ni kweli kabisa! Itazameni data, ichoreni, ipekueni, wazo lije. Lakini data iliyokupa wazo haiwezi tena kuwa shahidi wa wazo hilo. Kusanya nyingine. Huna uwezo wa kukusanya nyingine? Igawe uliyonayo kabla hujaifungua: sehemu ya kutafutia wazo, sehemu ya kulipima. Na kama umejaribu madai 20 yasiyotegemeana, yote kwa alfa ya 0.05, na yote hayana ukweli, uwezekano wa angalau moja kukudanganya ni karibu asilimia 64. Anayeripoti lile moja na kuyanyamazia yale 19 anawapotosha watu, hata kama kila hesabu yake ni sahihi.

Muda unanitupa mkono, nami nina mengine mawili. Nadharia tete inahusu kundi zima mnalolichunguza, haihusu sampuli. Msiandike kwamba wastani wa sampuli ni sawa na 50. Wastani wa sampuli mmeukokotoa, mnaujua, hauna la kupimwa. Andikeni alama ya wastani wa kundi zima, ule msioujua.

La pili, msiandike "tumeikubali nadharia tete ya sifuri". Vikombe vingekuwa vinne tu, visingeweza kuthibitisha kwamba bibi hana uwezo. Vingekuwa vichache mno kusema chochote. Fisher mwenyewe alisisitiza kwamba nadharia hiyo haithibitishwi kamwe, inaweza kukanushwa tu. Kuhusu makosa ya aina mbili, ya wanatakwimu Neyman na Pearson wa 1933, tutazungumza wiki ijayo, maana yanataka kipindi chake.

Mbele yenu kuna karatasi tupu na maelezo ya jaribio moja. Andikeni nadharia tete zote mbili, ya sifuri na ile inayoipinga, alfa, upande mmoja au pande mbili, na matokeo yatakayowafanya mkatae. Tieni sahihi, mniletee. Nikishazipokea zote, ndipo nitagawa data.