Kabla Hujapanda Ndege Kufuata Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Tangu mlipoanza kuona mwili wangu ukibadilika katika video hizi, ujumbe mwingi ninaoupokea huuliza mambo mawili: nimepungua kilo ngapi, na ni hospitali ipi huku ughaibuni inayoweza kumpokea mgonjwa, ikamfanyia upasuaji na kumrudisha nyumbani baada ya siku chache. Leo nitayagusia yote mawili, lakini nitalazimika kuzungumzia zaidi jambo ambalo karibu hakuna aliyeniuliza, nalo ni miaka inayofuata baada ya mgonjwa kutoka hospitalini. Faida ya upasuaji huu huvunwa katika miaka hiyo, na madhara yake mengi hujitokeza katika miaka hiyo hiyo.

Aina za upasuaji ni nyingi, ila mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika aina ya kwanza, daktari huondoa kabisa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu hadi asilimia 80, akabakiza mfereji mwembamba. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo niliyofanyiwa mimi, daktari hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, kiasi kwamba chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wala katika mwanzo wa utumbo. Siku hizi zote mbili hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni.

Wengi hudhani kwamba kazi ya upasuaji ni kupunguza nafasi ya chakula tu, mtu ale kijiko kidogo ashibe. Hiyo ni sehemu moja ya ukweli. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengeneza homoni iitwayo ghrelini, ambayo huamsha njaa, na sehemu hiyo ikiondolewa homoni hiyo hushuka. Upande mwingine, chakula kinapofika haraka katika utumbo wa chini, homoni zinazoleta shibe, ikiwemo GLP-1, huongezeka, na homoni hiyo hiyo husaidia kongosho kutoa insulini. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari aina ya pili anaweza kuona sukari yake ikishuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu sisi tuliokuwa wanene kupita kiasi tumehukumiwa miaka mingi kuwa ni walafi na wavivu, ilhali njaa yetu ilikuwa inaendeshwa na mwili wenyewe, na mwili huo ulikuwa unapigana na kila kilo tuliyoipunguza.

Sasa nije kwenye kilo. Kwa wastani, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya pili hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake wote ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na aliyefanyiwa aina ya kwanza hupoteza pungufu kidogo ya hapo. Mimi nimo ndani ya kiwango hicho. Aliyeanza na kilo 130, kwa mfano, anaweza kutulia kwenye kilo 95 hivi, ambazo kwa macho ya watu bado si wembamba, lakini kwa moyo, magoti na kongosho lake ni maisha mengine kabisa. Baada ya miaka hiyo miwili kushuka husimama, na kwa walio wengi sehemu ya uzito hurudi. Sitaki mtu yeyote aingie katika chumba cha upasuaji bila kuambiwa hivyo.

Ushahidi mzuri wa muda mrefu unatoka Uswidi, ambako mwaka 1987 ulianzishwa utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji, pamoja na idadi inayokaribiana nayo ya watu wanene waliopewa matibabu ya kawaida. Baada ya miaka 10, waliofanyiwa upasuaji kama wangu walikuwa bado chini ya uzito wao wa mwanzo kwa asilimia 25, wakati wale wasiofanyiwa walikuwa karibu pale pale walipoanzia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba, baada ya kuzingatia umri, jinsia na hali ya kila mmoja, hatari ya kufa katika kundi la upasuaji ilikuwa ndogo kwa takribani asilimia 29. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji waliishi kama miaka mitatu zaidi ya wenzao wanene, lakini bado maisha yao yalikuwa mafupi kuliko ya watu wa kawaida katika jamii. Upasuaji hutibu, haufuti yaliyotangulia.

Kwa upande wa kisukari, utafiti huo huo una takwimu ambazo ningependa kila mgonjwa azijue kabla ya kuamua. Miaka miwili baada ya upasuaji, asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena. Miaka 10 baadaye, waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Sioni hapo kushindwa kwa matibabu, kwa kuwa miaka kadhaa ya sukari iliyotulia ni miaka ambayo macho, figo na mishipa vimepumzika. Lakini naona hatari kubwa kwa mtu aliyetangaziwa kwamba amepona, akaacha kwenda kliniki, akaacha kupima, na sukari ikarudi kimya kimya bila yeye kujua.

Nilipokuwa najiandaa, jambo lililonitia hofu ni kufia mezani. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ndani ya siku 30 ni kati ya mtu mmoja na watatu katika kila 1,000, na hatari hiyo hupanda kwa mtu mwenye maradhi mazito ya moyo au mapafu. Siku hizi hofu yangu iko kwingine kabisa, na inawahusu nyinyi mnaotaka kuja, kukatwa na kurudi. Wiki za mwanzo ndizo ambazo mshono wa ndani unaweza kuvuja, na dalili zake huanza kwa mapigo ya moyo kwenda mbio, homa na maumivu. Ndizo pia wiki ambazo damu inaweza kuganda miguuni na bonge likasafiri hadi mapafuni, na kukaa saa nyingi kwenye kiti cha ndege huongeza hatari hiyo. Mtu aliyekwisha kuondoka yuko mbali na daktari pekee anayejua alivyounganishwa ndani.

Kisha kuna jambo ambalo limenifanya niandae video hii. Mgonjwa wa upasuaji huu anapotapika mfululizo kwa wiki kadhaa, akiba yake ya vitamini B1, iitwayo thiamini, huisha upesi, kwa sababu mwili hauwezi kuitunza kwa muda mrefu. Huanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea, na kuchanganyikiwa. Akifikishwa katika hospitali isiyojua historia yake, ni rahisi sana apewe dripu ya maji yenye glukosi ili apate nguvu, na glukosi hiyo, ikitangulia kabla ya thiamini, inaweza kuimalizia kabisa akiba iliyobaki na kuuharibu ubongo kwa namna isiyorekebishika. Thiamini ya sindano ni dawa ya siku nyingi na si ya ajabu. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia daktari wa zamu kwamba mgonjwa huyu amekatwa mfuko wa chakula.

Upungufu mwingine huja taratibu zaidi. Vitamini B12 huhifadhiwa kwenye ini, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka akijiona mzima, kisha akaanza kuhisi ganzi miguuni na kupungukiwa damu. Madini ya chuma nayo hupungua, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi, na kalsiamu na vitamini D zikikosekana mifupa hudhoofika bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha mwenye nayo. Vidonge vya virutubisho hivi ni vya maisha, na vipimo vya damu ni vya maisha, angalau mara moja kila mwaka baada ya ule mwaka wa mwanzo ambao hupimwa mara nyingi zaidi. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwatisha wengi, ila kwa kawaida huota tena.

Dawa za maumivu zinahitaji tahadhari ya pekee. Aliyefanyiwa upasuaji kama wangu hatakiwi kumeza ovyo ibuprofeni, diklofenaki na dawa za jamii hiyo, kwa sababu huleta kidonda pale kijifuko kilipounganishwa na utumbo. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata miaka mingi baadaye, yanaweza kuwa ni utumbo uliojipenyeza na kubanwa ndani, na hapo anayehitajika haraka ni daktari wa upasuaji. Pombe nayo huingia katika damu kwa kasi kubwa kuliko zamani, na wapo ambao ulevi uliwaanza baada ya upasuaji. Utafiti mkubwa wa Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha vifo kwa jumla vimepungua kwa asilimia 40 na vya kisukari kwa asilimia 92, lakini vifo visivyotokana na magonjwa, vikiwemo vya ajali na vya kujiua, vilikuwa vingi zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mshauri wa saikolojia ni sehemu ya matibabu, na familia isimwone mgonjwa mwenye huzuni kuwa hana shukrani.

Dada zangu, uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, hata kwa waliohangaika miaka mingi, ilhali madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri, hivyo ni heri kuchagua njia nyingine mapema.

Wapo walioniuliza kama sindano za kisasa za kupunguza uzito hazitoshi. Katika majaribio makubwa, semagluti­di ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15, na tirzepatidi, kwa dozi ya juu, kwa karibu asilimia 21. Ni maendeleo ninayoyafurahia kwa dhati. Ila waliositisha semagluti­di walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo nayo ni safari ya kufuatiliwa.

Hospitali iliyonitibu sitaitaja, kwa sababu sitaki jina liwe ndiyo hoja. Kabla hujalipa nauli, mtafute kwanza huko nyumbani daktari atakayekubali kukufuatilia kwa miaka, na umuulize kama vipimo vya B12, chuma, kalsiamu na vitamini D vinapatikana karibu nawe. Akikosekana, ningekushauri usubiri. Akipatikana, mdai daktari wa upasuaji barua inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe, jinsi utumbo ulivyounganishwa, dawa unazokatazwa, na agizo kwamba ukiwa umetapika kwa muda mrefu thiamini itangulie kabla ya glukosi. Barua hiyo itoe nakala, moja ikae kwa daktari wako na nyingine kwa ndugu unayeishi naye, kwa kuwa siku utakayofikishwa hospitalini ukiwa umechanganyikiwa, yeye ndiye atakayekusemea.