Tusikilize Nini Mtoto Mwenye Skizofrenia Anapozungumza?

Waheshimiwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya,

Skizofrenia (ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na kuweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo) inayoanza kabla ya umri wa miaka 13 ni ugonjwa adimu sana, na kwa sababu hiyo mtoto anayeugua huweza kukaa darasani muda mrefu akiitwa mkaidi, mzembe au mwenye mashetani. Anaposema anasikia sauti sote tunashtuka. Lakini ugumu unaomkwamisha kila siku, katika masomo na katika urafiki, mara nyingi umo katika jinsi maneno yake yanavyoshikana, na huo tunaupita bila kuuona.

Mtafiti Rochelle Caplan na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walibuni katika miaka ya 1980 kipimo cha kuuchunguza ugumu huo wa maneno. Mtoto husikilizishwa hadithi, akaisimulia upya, akaulizwa maswali, kisha akatunga yake. Anayempima hatafuti makosa ya sarufi, bali hutazama kama sababu anayoitoa inahusiana na jambo lenyewe, na kama anahama mada bila kumwandaa msikilizaji. Tuchukue mfano: mtoto anaulizwa kwa nini kijana wa hadithini alirudi nyumbani, naye anajibu, "Alirudi kwa sababu ana kofia. Mjomba anauza samaki." Au anasimulia, "Alimsukuma akaanguka, akakimbia." Nani alikimbia? Watoto wengi wa miaka 10 wakiona hatujaelewa hurudi nyuma wakataja jina. Wenye ugonjwa huu hujisahihisha hivyo mara chache zaidi.

Nasisitiza, hata hivyo, kwamba kurukaruka kwa mawazo ni kawaida kwa mtoto mdogo na hupungua sana baada ya miaka 7 hivi, kwa hiyo tusimhukumu wa miaka 4 kwa kipimo cha wa miaka 10. Wala tusimpime mtoto kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi shuleni. Asikilizwe kwa lugha ya nyumbani kwao.

Mwalimu mwenye wasiwasi amuulize swali moja fupi, asubiri, kisha aandike jibu neno kwa neno, pamoja na umri wa mtoto na lugha aliyotumia. Karatasi hiyo humfaa daktari kuliko barua isemayo tu kwamba mtoto "anaongea ovyo".