Constance Baker Motley: Mwanaharakati Kwenye Kiti cha Jaji

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naanzia mwaka 1975, katika mahakama ya shirikisho jijini New York. Kampuni kubwa ya mawakili imeshtakiwa kwa kuwabagua wanawake katika ajira, na jalada liko mbele ya Jaji Constance Baker Motley. Kampuni inamtaka ajitoe. Hoja yao: ni mwanamke, ni mweusi, na alikuwa wakili wa haki za raia.

Alikataa. Katika uamuzi wake alisema kwamba kama jinsia au rangi inatosha kumtoa jaji, basi hakuna jaji wa mahakama ile anayeweza kuisikiliza kesi hiyo, maana kila mmoja wao ana jinsia yake. Wanafunzi wa sheria mliopo hapa, hoja hiyo mwisome kwa makini. Miaka nenda miaka rudi wanaume weupe waliamua kesi za watu weusi, na rangi yao ikahesabiwa kuwa si kitu.

Alizaliwa New Haven mwaka 1921, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili, wazazi wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Baba alikuwa mpishi. Ada ya chuo hakuwa nayo. Tajiri mmoja, Clarence Blakeslee, alimsikia binti huyu akizungumza hadharani, akajitolea kumsomesha.

Mwaka 1945, kabla hata hajamaliza sheria pale Chuo Kikuu cha Columbia, alianza kazi katika ofisi ya Thurgood Marshall, wakili maarufu wa haki za raia. Wakenya wanamjua Marshall: mwaka 1960 aliwasaidia wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House kuandaa rasimu ya haki za msingi. Katika ofisi ya Marshall, Motley aliandika hati ya madai ya Brown, kesi iliyovunja ubaguzi wa shule mwaka 1954.

Kisha akashuka majimbo ya Kusini mwa Marekani. Hoteli hazikupokea weusi, hivyo alilala majumbani mwa watu. Kule Birmingham, wanaume wenye bunduki walikesha wakilinda nyumba aliyofikia. Mwaka 1962, kwa kesi mahakamani, alimwingiza James Meredith, mwanafunzi mweusi wa kwanza, Chuo Kikuu cha Mississippi. Mwaka uliofuata aliwarudisha darasani watoto zaidi ya elfu moja wa Birmingham, waliofukuzwa kwa kuandamana. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Rais Johnson alipompendekeza kuwa jaji mwaka 1966, Seneta Eastland wa Mississippi alilikalia jina lake kwa miezi. Hatimaye aliapishwa, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani.

Mahakama ya Juu alisimama mara kumi, akashinda tisa. Aliyoshindwa, mwaka 1965, ilihusu waendesha mashtaka kuwaengua weusi kwenye baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaochaguliwa kuamua kesi (jury). Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo iligeuza msimamo wake kuhusu suala hilo. Motley alikuwa hai, bado jaji.