Haya maji umeyanywa wewe?

Mbukwenyi! Ambao hamjaitikia salamu hii ya Kigogo nyie ni wageni wa mji huu, mtajifunza.

Nimeambiwa niongee nilivyoanza uandishi wa gazeti hapa Dodoma miaka ya 1990, na mlionisikia zamani mnajua nitaenda wapi, nitaenda hukohuko kwa sababu ugonjwa haujapona. Mwandishi afike. Afike kwenye eneo kwa miguu yake, basi.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, unalipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka hasara yako, nauli yako, na hela ya faksi umetoa wewe. Unaandika kwa mkono, unapanga foleni ofisi ya simu, unatuma Dar, unasubiri. Gazeti lenyewe linakuja na basi, kilomita 450 na kitu, kwa hiyo la leo tunalisoma jioni, na cha kwanza unafungua ukurasa wa mikoani kutafuta jina lako.

Sasa kuna siku nikapewa karatasi kwenye ofisi moja, siitaji, imeandikwa kijiji fulani huko Dodoma Vijijini (siku hizo Bahi na Chamwino hazijawa wilaya) kimepata kisima cha pampu, mgeni rasmi kafungua. Karatasi ina mhuri. Nikaiandika ilivyo, nikaongeza "wananchi wameishukuru serikali" na sijaongea na mwananchi hata mmoja. Ikatoka, nikalipwa.

Wiki kama tatu baadaye niko nje ya chumba nilichopanga Chang'ombe, akaja mama mtu mzima, miguu vumbi mpaka magotini. Akafungua pindo la khanga akatoa kipande cha gazeti kimelainika kwa kukunjwa, alifungiwa nacho sukari dukani, mjukuu wake ndiye alimsomea. Akalishika jina langu, akaja nalo mjini akiuliza wauza magazeti mmoja mmoja mpaka akanipata. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji umeyanywa wewe?"

Nikamwambia hapana mama.

"Basi twende ukayanywe."

Kesho yake tukapanda lori la mkaa linalorudi tupu, tukashuka, tukatembea kama saa mbili. Pampu ipo kweli, imejengewa saruji nzuri, tarehe ya uzinduzi imechorwa, ila mpini hakuna, ulikatika wiki ya kwanza, na mbuzi wamejilalia pale kwenye saruji. Wanawake wako korongoni, mto mkavu, wamechimba mchanga mpaka unamwona mtu kichwa tu, anachota kwa kata, anasubiri maji yajikusanye, anachota tena. Nikaangalia saa. Ndoo moja, lita 20, dakika 40. Nikayanywa. Yana chumvi na harufu ya ng'ombe.

Nikaandika stori ya pili, ndefu, ina jina la yule mama na dakika zangu 40, deski wakaikata ikabaki aya mbili, jina wakatoa. Pampu ikatengenezwa msimu uliofuata na sisemi ni kwa ajili yangu, yule mama alishakwenda wilayani mara nne kabla hajaja kwangu. Mara nne! Hakuna aliyemwandika.

Najua mtaniambia, mzee, siku hizi ukichelewa dakika tano mtandao umekuacha. Sawa, kuwahi wapi? Kwenye taarifa ambayo maripota 30 wametumiwa kwenye grupu moja la WhatsApp wakabandika mpaka na makosa ya herufi? Huko hujamwahi mtu. Na wewe unayesema nauli hakuna, hilo nakubali kabisa, hilo linaniuma, kwa sababu mwandishi anayelipwa kwa stori ndiye anayeishia kupokea bahasha ya nauli kwa mtu anayemwandika, na ukishaipokea utauliza nini? Maedita mlioko humu, mlipeni kijana nauli kwanza ndio mdai maadili.

Jina la mtu pia. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima kule Igandu, mkoa huuhuu wa Dodoma, ikagonga ya mizigo, watu 281 wakafa. Ile namba mnaikumbuka wote. Nitajieni majina matatu. Ndicho nachosema.

Halafu Bunge. Likianza kikao mji unajaa waandishi, kamera zote zimegeukia upande mmoja, na tangu 2018 tumekuwa jiji ndio kabisa, habari ya Dodoma ni alichosema waziri. Mkoa una wilaya saba jamani! Mpwapwa kuna nini wiki hii? Kongwa mahindi bei gani? Unamuuliza ripota anayeishi hapahapa hajui, na soko la Kibaigwa liko barabarani, basi la Dar linapita mlangoni.

Nilitaka kusema na lugha, kwamba bibi wa miaka 70 ukimhoji kwa Kiswahili cha ofisini atakujibu "tunashukuru" yaishe, muulize kwa Kigogo ndio utasikia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Na ile Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016 na mambo ya ithibati, yaani kibali cha mwandishi kufanya kazi, nayo tuiache, ina siku yake.

Haya, maswali. Wewe dada wa nyuma mwenye daftari, anza wewe.