Timu Yetu, Timu Yenu

Wazee wangu, ndugu zangu, habari za jioni.

Nianze na msemo ambao kila mtu humu ukumbini anaujua na hakuna anayeupenda. Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, aliifananisha soka yetu na kichwa cha mwendawazimu: kila mtu anajifunzia kunyoa. Haya, mmecheka. Mtu hucheka hivyo kichwa kikiwa si chake. Timu ya taifa, Taifa Stars, ikishinda ni yetu, ikifungwa ni ya shirikisho la soka, TFF.

Historia yenyewe ni fupi, haichoshi. Mwaka 1979 tuliitoa Zambia kwa bao la Peter Tino kule kwao, tukaenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Lagos 1980. Nigeria wakatupiga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Baada ya hapo, miaka 39 kimya. Sisi wengine bao la Tino tulilipata kwa kusimuliwa, pamoja na zile hadithi za sungura na fisi. Ukichukua fainali zetu tatu za kwanza, hii ya Lagos, ya Misri 2019 na ya Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ni mechi tisa, sare tatu, ushindi hakuna.

Na bado watu wanajaa uwanjani Kwa Mkapa. Wanatoka wapi? Wanatoka Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga. Stars haina mashabiki wake, inaazima wa Simba na Yanga, na cha kuazima mnajua kinavyorudishwa. Beki wa Simba akiteleza, kuna upande unaguna kwa raha. Winga wa Yanga akipaisha, upande wa pili wanaangaliana tu.

Niwape mfano niliouona mwenyewe, Machi 24, 2019, dhidi ya Uganda. Wao walikuwa wameshafuzu kwenda fainali za Misri. Sisi tulitakiwa kushinda, na Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Nimekaa jukwaa la mzunguko, jirani yangu kavaa jezi ya bluu ya Stars, lakini shingoni nyekundu ya Simba inachungulia. Redio ya simu iko sikioni.

Dakika ya 21, Msuva, bao. Uwanja ukalipuka. Jirani akapiga makofi mawili, ya heshima. Msuva alitokea Yanga, si unajua tena. Kipindi cha pili penalti, anaipiga Erasto Nyoni wa Simba, nyavuni. Hapo jamaa alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaenda safu ya chini, na sijaiona hadi leo. Muda si mrefu Aggrey Morris akaweka la tatu. Huyo ni wa Azam! Jirani akabaki ameduwaa, ashangilie kiasi gani? Akaamua kushangilia tu.

Kule Praia, Cape Verde, mechi ya Lesotho ikaisha 0-0. Watu wazima walilia, mimi mmojawapo. Jamaa alivua jezi ya bluu akaipunga juu, amebaki na nyekundu yake, na aliyembeba begani alikuwa kavaa kijani na njano ya Yanga.

Juni tukaenda Misri. Senegal wakatupiga 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Siku chache baadaye nikakutana na jirani yuleyule kituo cha daladala, nikamsalimia kwa furaha. Akanitazama kwa huruma.

"Pole sana, kaka," akaniambia. "Timu yenu imetia aibu."