Raundi 39 na Muhammad Ali
Mhadhara kwa vijana wa ngumi, Tabora

Shikamooni wazee wangu. Makocha, walimu, na nyinyi vijana mliorudi juzi kutoka JKT Msange, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie bondia aliyepitia jeshini, nami nimemchagua Ken Norton. Wengi wakimtaja hukimbilia kusema alikabidhiwa tu, bila kuupigania ulingoni, mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) mwaka 1978, na kwamba mapambano yote matatu ya ubingwa wa dunia aliyopanda ulingoni alipoteza. Ni kweli. Lakini kumpima Norton kwa mkanda ni kumwonea.

Alijiunga na kikosi cha Marine cha Marekani mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi. Ngumi alizianzia huko huko jeshini. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kuna kijana humu anaambiwa kwa umri huo ameshachelewa. Norton alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Marine mara tatu, kisha 1967 akaingia ngumi za kulipwa.

Sasa twende San Diego, Machi 31, 1973, Norton alipopigana na Muhammad Ali mara ya kwanza. Hebu nyinyi wawili mlio mbele, simameni. Wewe ni Ali, rusha kushoto. Mmeona? Kushoto kukitoka, kulia kunaliacha shavu. Kocha Eddie Futch aliliona hilo, akamwambia Norton asirudi nyuma. Ali akirusha kushoto, naye arushe kushoto papo hapo. Kulia kwake kuko juu karibu na uso, kunaidaka ngumi ya Ali, na ya kwake inafika. Halafu hatua mbele, tena mbele, mpaka kwenye kamba, kisha mbavu. Rudieni polepole, wa nyuma waone.

Usiku ule Ali alivunjika taya, Norton akashinda kwa pointi. Walirudiana Septemba mwaka huohuo, kisha Septemba 1976 Yankee Stadium, New York. Zote mbili Ali alipewa ushindi kwa pointi, na ile ya New York watu wanaibishania hadi leo. Raundi 12, 12 na 15: jumla 39, na hakuna aliyemwangusha mwenzake.

Udhaifu wake nao tuuseme. George Foreman alimmaliza raundi ya 2 kule Caracas, 1974. Earnie Shavers, 1979, na Gerry Cooney, 1981, walimmaliza raundi ya kwanza. Ngumi zake zilihitaji aende mbele. Akisukumwa nyuma na mtu mwenye konde zito, hakuwa na pa kushika.

Juni 9, 1978, Las Vegas, akautetea mkanda wake dhidi ya Larry Holmes. Raundi 15, na ya mwisho walipigana kama ndiyo kwanza kengele imelia. Majaji wawili walimpa Holmes 143 kwa 142. Wa tatu akampa Norton 143 kwa 142. Huyo ndiye mnayeambiwa alikuwa bingwa wa kupewa.

Mwenye swali anyooshe mkono.