Dodoso Likishatafsiriwa, Mgonjwa Aulizwe Tena

Wenzangu madaktari wa familia, hasa ninyi mnaoandika tasnifu, leo nazungumzia dodoso mnalolijua: PHQ-9. Ni maswali tisa kuhusu sonona. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 27 tunamchunguza zaidi. Wengi wetu tukilitafsiri tunakokotoa alfa ya Cronbach, tukiona imevuka 0.70 tunaridhika. Mimi siridhiki.

Alfa inaonyesha jinsi maswali yanavyooana siku hiyo moja. Haikwambii mgonjwa yuleyule atajibu nini wiki ijayo. Tena ukirundika maswali yanayofanana, alfa hupanda tu. Utafiti mmoja wa magharibi mwa Kenya, uliofanywa kwa watu wanaoishi na VVU na kuchapishwa 2009, ulipata alfa ya 0.78, lakini wagonjwa walipoulizwa tena, ulinganifu wa majibu yao ya mara mbili ulikuwa 0.59, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Nawaheshimu sana watafiti wale kwa kuzitoa namba zote mbili.

Na hiyo 0.59 msiikimbilie kuilaumu tafsiri. PHQ-9 inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukirudi baada ya wiki mbili, unauliza juu ya kipindi kingine kabisa, na huenda dawa imeshaanza kufanya kazi. Ukirudi kesho yake, mgonjwa anakumbuka alivyojibu. Kwa maoni yangu, ngojeni kama wiki moja, kisha muulizeni pia kama hali yake imebadilika. Waliobadilika wachambuliwe kando.

Liko jambo lingine linaloniumiza zaidi. Dodoso hili lilitungwa mgonjwa alijaze mwenyewe, lakini kwenye vituo vyetu mara nyingi husomwa na muuguzi, pengine kwenye benchi, watu wakisikia. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Nani atalijibu kwa ukweli jirani yake akiwa pembeni? Kwa hiyo tafuteni chumba chenye faragha, wauguzi wawili wamsomee mgonjwa yuleyule kwa nyakati tofauti, nusu ya wagonjwa wakianza na huyu, nusu na yule, kisha mlinganishe alama. Mmoja akipata 12 na mwenzake 7, mgonjwa anapewa rufaa au anarudishwa nyumbani kutegemea zamu aliyoikuta. Tasnifu zitakazofika mezani kwangu, nitaulizia ulinganisho huo kabla sijaitazama alfa.